Tengeneza Kona Yako ya Kazi Nyumbani



Tunapotembelea vikundi, kutoka Endebess na Kiminini hadi Chwele na Kimilili, maswali huwa ni yale yale. Tunaulizwa kuhusu mikopo, kuhusu soko, kuhusu bei ya mbolea. Ni mara chache sana mtu anasimama na kuuliza: "Hii kazi yangu ya mikono, ninaifanyia wapi?"

Na hali wengi wetu tunafanya kazi ndani ya nyumba. Kuna mama anayeshona nguo, kuna anayefuma masweta ya shule, kuna kijana anayetengeneza redio na simu, kuna mzee anayeshona viatu. Ukiingia kwao utakuta cherehani iko kando ya kitanda, mkasi uko jikoni, vifungo viko ndani ya kikombe cha chai, na kitambaa cha mteja kimewekwa juu ya gunia la mahindi. Halafu tunashangaa kwa nini kazi haiendi mbele.

Katika toleo hili tuangalie jinsi mtu mwenye nyumba ndogo anavyoweza kutengeneza kona ya kazi bila kujenga chumba kipya. Someni pamoja katika kikundi, na mwisho kuna maswali ya kujadili.

YALIYOMPATA MAMA MMOJA WA KIMININI

Nitaanza na habari ya mama mmoja wa upande wa Kiminini. Jina lake tutaliacha, lakini yeye mwenyewe amekubali tuisimulie ili wengine wajifunze.

Mama huyu alipata cherehani ya kukanyaga zamu yake ilipofika katika chama. Alishona vizuri, na watu wakaanza kumjua. Mwezi wa Desemba 2023 aliletewa vitambaa vya sare 14 za watoto wa chekechea, zitakazohitajika shule zikifunguliwa Januari. Alifurahi sana, kwa maana hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata.

Sasa, sisi watu wa Trans Nzoia tunajua Desemba ni mwezi wa nini. Mahindi yetu hupandwa mara moja kwa mwaka, na mavuno huendelea kuanzia Oktoba hadi Desemba. Magunia yakaingia sebuleni. Cherehani ikasukumwa nyuma ya magunia, na vitambaa vikawekwa juu yake kwa sababu hapakuwa na pahali pengine. Panya wakafuata mahindi. Wiki ya Krismasi mama alipofungua vitambaa, alikuta vimetafunwa. Na kwa kuwa vilikuwa vimekunjwa, panya alipotafuna tundu moja, kitambaa kilipokunjuliwa kilikuwa na matundu sita au manane.

Vitambaa vya sare nne viliharibika kabisa. Ilibidi avilipe, na alivilipa kwa kuuza mahindi yale yale. Mzee wake akamwambia: "Unaona sasa? Hii cherehani imekula mahindi yetu." Maneno hayo yalimwuma kuliko pesa zenyewe. Akaanza kutafuta mtu wa kununua ile cherehani.

Hapa naomba nikiri kosa langu. Nilipopata habari, nilimshauri akodi chumba kidogo sokoni. Niliona hilo ndilo jibu la kisasa. Basi akakodi. Baada ya miezi mitatu alirudi nyumbani akiwa na deni la kodi. Asubuhi alikuwa anakamua ng'ombe kwanza, anafika sokoni saa nne, na saa kumi anafunga ili awahi watoto. Saa zilizobaki hazikutosha kulipia kile chumba. Nilikuwa nimempa jibu kabla hata ya kuingia katika nyumba yake na kuitazama.

Ndipo tukafanya vile tulivyostahili kufanya tangu mwanzo. Kikundi chake kilikwenda kwake siku moja baada ya saa nane, wakaketi ndani ya nyumba na kuitazama pamoja naye. Yafuatayo ni mambo tuliyoyaona siku ile, pamoja na mengine tuliyojifunza kutoka vikundi vingine.

KWA NINI KONA NI JAMBO KUBWA

Mtu anaweza kusema, "Kona ni kona tu, la muhimu ni kazi." Lakini fikirini mambo haya matatu.

Kwanza, kitu kilicho mikononi mwako mara nyingi si chako. Kitambaa ni cha mteja. Redio ni ya mteja. Umekopeshwa uaminifu, na usipokuwa na pahali salama pa kukiweka, unacheza na jina lako.

Pili, wakati ni pesa hata kama hakuna anayekulipa kwa saa. Mwanakikundi mmoja alijipima kwa siku moja. Kila alipotafuta mkasi, kila alipoinuka kufuata pasi, aliandika. Jioni alihesabu akakuta karibu saa nzima imepotea kwa kutafuta vitu. Jaribu wewe pia, utashangaa.

Tatu, kazi isiyo na pahali haionekani kama kazi. Mwaka 1992 serikali ya Kenya ilitoa sera yake juu ya biashara ndogo na jua kali, ule Waraka wa Bunge nambari 2. Fundi anayegonga mabati kando ya barabara akaanza kutambuliwa kuwa mfanyakazi. Lakini mama anayeshona chumbani hapigwi na jua, na kwa hiyo haonekani. Mtoto akimkuta ameshika sindano anamtuma chai. Jirani akimkuta anasema, "Kumbe uko tu, nimekuja tuongee." Ukiwa na kona inayojulikana, watu wa nyumbani nao wanajua: mama akiketi pale, yuko kazini.

Kumbukeni pia mwaka 2020, wakati wa korona. Shule zilifungwa mwezi wa Machi, sare zikakosa wanunuzi, na masoko mengi ya wazi yakafungwa. Mwezi wa Aprili kuvaa barakoa kukawa lazima. Mshonaji aliyekuwa na pahali pa kazi nyumbani aliweza kugeuka mara moja akaanza kushona barakoa. Aliyetegemea kibanda cha soko peke yake aliketi akingoja.

MANENO MATANO YA KUPANGA KAZI

Katika viwanda vya Japani kuna utaratibu wa kupanga pahali pa kazi wenye hatua tano, na kila hatua huanza kwa herufi S. Utaratibu huu ulifika Afrika Mashariki, na wenzetu wa Tanzania walianza kuutumia katika hospitali ya rufaa ya Mbeya mwaka 2007, kisha ukaenea katika hospitali nyingine. Wao wameupa maneno ya Kiswahili yanayoanza kwa S vilevile. Kama umeweza kusaidia hospitali kubwa, hauwezi kushindwa na sebule yetu.

1. Sasambua. Toa kila kitu nje, uweke juu ya mkeka. Gawanya mafungu matatu: vitu unavyotumia kila wiki, vitu unavyotumia mara moja moja, na vitu ambavyo hukumbuki mara ya mwisho kuvitumia. Fungu la tatu uza, gawa au choma. Usirudishe ndani.

2. Seti. Kila kitu kipate pahali pake. Kinachotumika kila saa kikae pale mkono unapofika ukiwa umeketi. Kinachotumika mara moja kwa siku kikae hatua moja au mbili. Kinachotumika mara moja kwa mwezi kinaweza kwenda juu darini au chini ya kitanda.

3. Safisha. Fagia, futa vumbi, weka mafuta kwenye cherehani. Ukisafisha kila siku utaona mapema ukanda unaotaka kukatika na msumari uliolegea.

4. Sanifisha. Maana yake ni kuweka utaratibu mmoja ambao hata mtu mwingine ataufuata. Andika majina kwenye mikebe. Chora umbo la mkasi ukutani pale unapoangikwa. Mkasi ukikosekana, ukuta wenyewe utakuambia.

5. Shikilia. Hii ndiyo ngumu kuliko zote. Hatua nne za kwanza zinawezekana kwa siku moja. Ya tano ni ya maisha.

Yule mama wa Kiminini, mwezi mmoja baada ya kikundi kumpangia nyumba, tulimkuta amerudia yale yale. Mikebe ilikuwa imejaa misumari na dawa za kuku. Hatukumlaumu. Tulikubaliana kwamba kila Jumamosi jioni, kabla ya kuoga, atatumia robo saa kurudisha kila kitu pahali pake, na mwanakikundi jirani atapita kuangalia. Yeye naye atapita kwa huyo jirani. Mtu akijua atatembelewa, hushikilia.

MBINU ZINAZOFAA NYUMBA ZETU

Mwanga

Hatua ya kwanza ni kutafuta mwanga uko wapi ndani ya nyumba yako. Zunguka na kitambaa cheusi na uzi mweusi saa tatu asubuhi na tena saa tisa alasiri. Pale unapoweza kutunga uzi kwenye sindano bila kukunja uso, hapo ndipo kona yako. Kama unatumia mkono wa kulia, keti mwanga ukitoka upande wa kushoto ili mkono wako usijifunike kivuli. Wa mkono wa kushoto afanye kinyume.

Kama nyumba ni ya giza, muulize fundi kuhusu bati la plastiki linalopitisha mwanga. Kipande kimoja juu ya kona kinatosha. Njia nyingine ya bei nafuu ilitoka Brazil. Mwaka 2002 fundi mmoja wa mitambo wa mji wa Uberaba, Alfredo Moser, alichukua chupa ya plastiki isiyo na rangi ya lita mbili, akaijaza maji safi na vifuniko viwili vya dawa ya kung'arisha nguo ili maji yasiote ukijani. Akatoboa bati na kuisimika, nusu nje, nusu ndani. Jua likipiga ile chupa, mwanga husambaa chumbani kama wa balbu ndogo. Lakini mvua ya Kitale haina mchezo: kazi ya kuziba ukingo wa tundu mwachie fundi anayejua, la sivyo utapata mwanga na mafuriko pamoja. Na usiku chupa hiyo haiwaki, utahitaji taa ya sola.

Koroboi usiitumie karibu na vitambaa. Moshi wake unachafua nguo nyeupe, unaumiza kifua, na moto wake ukianguka hausamehe.

Ukuta na dari

Wengi husema, "Nyumba yangu imejaa." Ukweli ni kwamba sakafu ndiyo iliyojaa. Ukuta uko mtupu, na juu darini ni mtupu.

Wazee wetu walilijua hili. Kukhu alikuwa akiangika mbegu za mahindi juu ya moto ili moshi uwafukuze wadudu. Vibuyu viliangikwa, nyungo ziliangikwa. Ukitembelea makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974, utaona nyumba za kienyeji, nawe utagundua kwamba nyumba ndogo si lazima iwe nyumba iliyosongamana.

Sisi tunaweza kufanya hivi:

- Chukua gunia safi au kipande cha jinzi ya mtumba, ushonee mifuko kumi au kumi na mbili, kisha uiangike ukutani kwa fito. Mfuko wa zipu, mfuko wa lesi, mfuko wa lastiki, mfuko wa chaki.
- Kwenye ukuta wa udongo usitegemee msumari, utang'oka. Funga fito kwenye nguzo za nyumba, kisha uangike vitu kwenye ile fito.
- Mitindo ya karatasi usiikunje. Itoboe tundu moja, itie kamba, uiangike kama kalenda. Karatasi ya mfuko wa simiti uliokung'utwa vizuri inadumu kuliko gazeti.
- Nguo zilizomalizika ziangikwe kwenye kamba juu, zifunikwe na shuka kuukuu kuzuia vumbi na masizi.

Vitu vidogo

Kijana mmoja wa upande wa Chwele anayetengeneza redio alinifundisha jambo zuri. Anatumia trei ya mayai. Akifungua redio, skrubu ya kwanza inaingia kwenye shimo la kwanza, ya pili kwenye shimo la pili, na kadhalika. Anapofunga, anarudi nyuma kutoka shimo la mwisho. Zamani alikuwa akibaki na skrubu mbili mkononi na mteja anangoja. Siku hizi habaki na hata moja. Trei hiyo aliipewa bure na mwenye kioski.

Sumaku ya spika iliyokufa ni mali kwa fundi wa nguo. Ipitishe sakafuni kila jioni, itaokota sindano na pini kabla ya mguu wa mtoto kuzipata.

Akina mama wanaofuma masweta wanajua shida ya uzi kubingirika sakafuni na kukusanya vumbi. Kata chupa kubwa ya plastiki chini, weka donge la uzi ndani, upitishe ncha ya uzi kwenye mdomo wa chupa. Uzi utatoka ukiwa safi bila kujisokota.

Mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia inafaa kwa vifungo. Shona kifungo kimoja cha aina ile kwenye kitambaa na ukibandike nje ya mkebe. Hata asiyejua kusoma ataona kilicho ndani.

Meza na kiti

Wengi hukatia nguo kitandani au sakafuni, kisha wanalia mgongo. Pima meza kwa mwili wako mwenyewe. Simama wima, kunja mkono, na meza ya kukatia iwe chini kidogo ya kiwiko, kama upana wa kiganja hivi. Kama hakuna nafasi ya meza ya kudumu, mwambie seremala akufungie ubao ukutani kwa bawaba, wenye mguu mmoja wa kukunja. Ukimaliza kukata unaushusha, na sebule inarudi kuwa sebule. Mlango wa zamani uliotolewa mahali ni ubao mzuri sana wa kazi hii.

Kiti cha cherehani kikuwezeshe kukanyaga huku mgongo umenyooka. Kama ni kifupi, ongeza mto. Kama ni kirefu, usione taabu kukikata miguu.

MSIMU WA MAHINDI

Hili ni neno la pekee kwa wa Trans Nzoia, maana tangu mwaka 2023 mwaka wa shule umerudi kuanza Januari. Kazi kubwa ya sare inakuja wakati ule ule magunia yanapoingia nyumbani. Kwa wenzetu wa Bungoma, kwenye joto zaidi, mavuno makubwa huwahi, na sebule inaweza kuwa imepumua kufikia Desemba. Lakini nao wajipange kwa mwezi wao.

Mahindi na vitambaa havikai pamoja. Mahindi yanavuta panya, yana vumbi, na mara nyingi yamewekwa dawa ya kuua wadudu ambayo haifai kugusa nguo ya mtoto. Kwa hiyo amueni mwezi wa Septemba, kabla ya mavuno, magunia yatakaa wapi. Wengine wana simba ya kijana aliyekwenda kutafuta kazi Nairobi, na imebaki ikifungwa tu. Weka mbao au magogo chini, gunia lisiguse sakafu wala ukuta, na mahindi yawe yamekauka sawasawa ili yasiote ukungu. Kama hakuna simba, magunia yapangwe upande mmoja wa nyumba, na vitambaa vya wateja vikae ndani ya sanduku la bati lenye kifuniko. Panya hawezi kutafuna bati. Sanduku la shule la mtoto aliyemaliza kidato cha nne linatosha.

USALAMA

Pasi ya makaa na jiko ni hatari mara mbili. Ya kwanza ni moto: mabaki ya vitambaa yanashika haraka. Weka pasi juu ya tofali, mbali na mapazia, na mabaki yatie ndani ya gunia kila jioni. Ndoo ya mchanga iwe karibu. Ya pili haionekani. Makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu akiwa usingizini. Sisi wa Kitale, kwa ajili ya baridi, tunapenda kufunga dirisha na kuota moto wa jiko. Usifanye hivyo. Pigia pasi karibu na mlango ulio wazi, na jiko litoke nje kabla ya kulala.

Wenye umeme, msipachike pasi, redio na chaja ya simu kwenye waya mmoja mwembamba wa kuongezea. Ukishika ule waya na kuona una joto, umekwisha kuonywa.

Mkasi, sindano na vifungo vikae juu ya kimo cha mtoto wa miaka mitano. Kifungo ni kidogo kwako, lakini kwa mtoto anayetambaa kinaweza kuziba koo.

DAFTARI NAYO NI SEHEMU YA KONA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kitambaa kinachoingia kipate kipande cha karatasi kilichofungwa kwa pini: jina la mteja, tarehe ya kuleta, tarehe ya kuchukua, vipimo, na pesa aliyotanguliza. Maneno hayo hayo yaandikwe katika daftari. Kisha weka misumari mitatu au vikapu vitatu: HAIJAANZA, IKO KAZINI, IMEKWISHA. Mteja akija, humwambii "ngoja nitafute". Unanyosha mkono tu.

Ukurasa wa nyuma wa daftari uandike vifaa vyako na siku ulipovinunua, na risiti iwe kwa jina lako. Hili si la kuchukuliwa kwa mzaha. Tumewaona wajane ambao cherehani zao zilibebwa na watu wa boma baada ya mazishi kwa sababu hakuna aliyeweza kuonyesha ilikuwa ya nani. Sheria ya Kenya ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema mchango wa mtu katika ndoa si pesa tu, hata kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kazi ya shamba na kusimamia biashara ya familia ni mchango. Lakini sheria inasaidika kwa ushahidi, na daftari na risiti ni ushahidi. Mpe mwandishi wa kikundi nakala akutunzie.

KUKUBALIANA NYUMBANI

Kona ya kazi haiwekwi kwa ujanja mzee akiwa safarini. Hata ikiwekwa hivyo, itaondolewa vilevile. Ketini muongee. Mwonyeshe daftari: mwezi huu kazi imeleta kiasi hiki, na kimetumika hivi. Mpe naye nafasi ya kusema anachohofia.

Kule Kiminini, yule mzee alipopewa nafasi ya kusema, hakusema anachukia cherehani. Alisema, "Mahindi ndiyo karo. Mkiyatoa hapa sebuleni yakaibiwe, nitamwambia nini mwalimu?" Kumbe hofu yake ilikuwa kufuli. Kikundi kikachanga kufuli mbili na bawaba imara za mlango wa simba. Magunia yakahamia huko, na yeye ndiye anayeshika ufunguo.

ILE NYUMBA SASA

Msifikiri nyumba ile imekuwa duka la mjini. Bado ni vyumba viwili, na panya bado wapo. Lakini cherehani iko chini ya dirisha la mashariki. Ukutani kuna gunia lenye mifuko kumi na miwili. Chini ya meza ya kukunja kuna sanduku la bati, na juu yake daftari.

Desemba 2024 waliletewa tena vitambaa vya sare. Mama alisita, kwa maana kidonda kilikuwa bado kibichi. Ni mzee aliyesema, "Chukua. Si una sanduku?" Alivishona vyote, na shule ilipofunguliwa Januari vilikuwa vimekwisha chukuliwa. Ile habari ya kuuza cherehani hatujaisikia tena.

Kikundi nacho kimeanza kupangiana nyumba kwa zamu, kama tunavyopalilia kwa zamu. Nyumba moja kwa mwezi, kazi ya alasiri moja. Hakuna pesa inayotolewa ila ile ya chai.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani kati yetu anafanya kazi ya mikono nyumbani? Tuhesabu, maana huenda ni wengi kuliko tunavyofikiri.
2. Ni kitu gani cha mteja kiliwahi kuharibika au kupotea mikononi mwetu? Kilikuwa kimewekwa wapi?
3. Nani katika nyumba yako anaamua vitu vikae wapi? Mmewahi kuongea juu ya hilo?
4. Cherehani, mashine ya kufuma au vifaa vyako vimeandikwa kwa jina la nani?
5. Mwezi ujao tutaanza na nyumba ya nani, na kila mmoja ataleta nini: fito, gunia, mikebe, misumari?

Mkishajadili, chagueni jambo moja tu la kuanza nalo wiki hii, na tukija kuwatembelea mtuonyeshe.